Gurudumu au Nusu Mwezi? Safu za Vita za Mahabharata Zikipimwa Moja kwa Moja

Mtu aliyesoma au kutazama habari za Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, ukimwomba ataje safu moja tu ya vita, atataja Chakravyuha, lile gurudumu lililommeza kijana Abhimanyu. Ni haki yake likumbukwe. Lakini anayetaka kuchagua safu, iwe kwa hadithi anayoiandika, mchezo wa mikakati anaoubuni, au ubishi na wenzake kuhusu amiri jeshi aliyekuwa bora, hawezi kuutegemea umaarufu. Vita vya Kurukshetra vilidumu siku 18, na karibu kila alfajiri majeshi yalipangwa upya: leo ndege, kesho mnyama wa majini, keshokutwa mkokoteni. Ukiangalia jioni iliikutaje kila safu, sifa zinahama. Mimi nasimama na Nusu Mwezi, safu ambayo husikii ikisifiwa mara nyingi. Hata hivyo zipo hali ambazo ningeiacha bila kusita, na nitazitaja.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu maumbo haya yanabaki michoro tu. Jeshi la utenzi huu lina viungo vinne: magari ya vita yanayokokotwa na farasi, ndovu, wapanda farasi, na askari wa miguu. Kikosi kidogo kabisa ni gari 1, ndovu 1, farasi 3 na askari 5. Ukikikuza hadi akshauhini moja, yaani jeshi kamili, unapata magari 21,870, ndovu 21,870, farasi 65,610 na askari wa miguu 109,350. Wakaurava walikuwa na akshauhini 11, na binamu zao Wapandava, waliogombea nao ufalme, 7. Kwa hiyo upande mmoja uliamka kila siku ukijua kwamba umezidiwa kwa idadi, na hilo ndilo lililoamua safu zao nyingi.

Upande wa Wakaurava amri ilipita mikononi mwa wazee na mashujaa: Bhishma siku 10, Drona siku 5, Karna 2, Shalya 1. Wapandava walibaki na amiri mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, Dhrishtadyumna. Tofauti hiyo tuikumbuke, kwa sababu safu ngumu inahitaji watu waliozoea sauti ya anayewaamuru.

Mkiwa wachache: Sindano au Radi

Alfajiri ya siku ya kwanza Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano wa Pandava, aliliona jeshi la Wakaurava lilivyotanda akamkumbusha mdogo wake Arjuna mafundisho ya Brihaspati, mwalimu wa miungu. Wachache wapigane wakiwa wameshikamana; walio wengi watandazwe watakavyo. Na wachache wakiwakabili wengi, safu yao iwe na mdomo wa sindano. Arjuna akajibu kwamba atapanga Vajra, safu ya Radi, ambayo Indra mwenyewe, mfalme wa miungu, ndiye aliyeibuni. Mbele kabisa akasimama ndugu yao Bhima na rungu lake.

Kanuni hiyo si ya utenzi peke yake. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria cha Kihindi, zinasema vivyo hivyo, na zinazitaja Sindano na Radi pamoja kama safu za kupigania. Basi uchague ipi kati ya hizo mbili?

Sindano ina uso mmoja. Watu hufuatana nyuma ya ncha, na nguvu yote huelekezwa mahali pamoja. Inafaa ukiwa na jambo moja tu la kufanya na njia moja ya kulifikia. Ukipigwa ubavuni, aliye nyuma ya ncha hana la kufanya ila kusubiri zamu yake. Radi, kwa maneno ya utenzi wenyewe, ina nyuso pande zote. Siku ile ya kwanza ndugu zao mapacha, Nakula na Sahadeva, walilinda magurudumu ya gari la Bhima, Abhimanyu mwana wa Arjuna pamoja na wana wa Draupadi, mke wa ndugu hao watano, wakamlinda kwa nyuma, na Yudhishthira akakaa katikati akizungukwa na ndovu. Kichwa kikali, lakini kila upande una jicho.

Gharama yake niitaje wazi. Wapandava waliitumia Radi siku ya kwanza na ya saba. Siku ya kwanza waliuawa Uttara na Shveta, wana wa mfalme Virata, mshirika wao. Siku ya saba Drona akamuua mwana mwingine wa mfalme huyohuyo, Shankha. Mzee mmoja akapoteza wana watatu chini ya safu moja. Hata hivyo jeshi la akshauhini 7 kwa 11 halikuvunjika siku hizo, na kwa safu ya wachache hicho ndicho kipimo cha haki.

Siku ya saba inafaa zaidi kwa ulinganisho, maana Radi ilikutana na Mandala, duara la Bhishma. Hapa utenzi unaonyesha kazi ya kupanga kwa karibu: kando ya kila ndovu yalisimamishwa magari saba, kando ya kila gari wapanda farasi saba, nyuma ya kila mpanda farasi wapiga mishale, na nyuma yao washika ngao. Duara namna hiyo hulimegi kirahisi. Lakini tazama linakula watu wangapi ili kumlinda ndovu mmoja. Mwenye akshauhini 7 akijaribu Mandala atakwisha kabla duara halijafunga. Kwa hiyo hapa sina mashaka: ukiwa na wengi na unataka kukaa imara, Duara, ukiwa na wachache na lazima usonge mbele, Radi. Sindano ibaki kwa kazi maalumu, kama tutakavyoona kwa Drona.

Garuda na Nusu Mwezi

Hizi mbili zilikutana ana kwa ana mara mbili, siku ya tatu na siku ya 12, chini ya makamanda tofauti wa Wakaurava. Kama unataka kulinganisha safu kwa haki, hakuna jozi bora kuliko hii.

Siku ya tatu Bhishma alipanga Garuda, ndege mkuu anayembeba mungu Vishnu. Yeye mwenyewe akawa mdomo. Drona na Kritavarma wakawa macho, Ashwatthama na Kripa kichwa, shingoni wakasimama akina Shalya, Bhagadatta na Jayadratha, na Duryodhana, mkuu wa Wakaurava, akakaa mgongoni pamoja na ndugu zake. Angalia orodha hiyo: karibu kila jina kubwa liko kuanzia shingo kwenda mbele. Mabawa na mkia wamepewa wafalme washirika, watu wa Magadha, Kalinga, Kosala na Avanti. Garuda ni safu ya kumkamata au kumvunja mtu mmoja kwa pigo moja zito, na ikishindwa kwa pigo hilo, yaliyobaki nyuma ni mwili mkubwa wenye kichwa kilichokwenda mbali.

Wapandava wakajibu kwa Ardhachandra, Nusu Mwezi. Pembe ya kulia Bhima. Pembe ya kushoto Arjuna, na Krishna akiliendesha gari lake. Katikati Dhrishtadyumna na Shikhandi na Wapanchala wao, na Yudhishthira ndani ya kikosi cha ndovu. Hapa majina makubwa hayakukusanywa kwenye ncha moja; yamewekwa mbalimbali kadiri ilivyowezekana. Ndege akiingia, anaingia katikati ya mikono miwili.

Siku hiyo Duryodhana alijitokeza na magari 1,000 kumkabili Ghatotkacha, mwana wa Bhima. Bhima akampiga mshale, Duryodhana akazirai ndani ya gari, na mwendeshaji wake akamtoa mbio. Jeshi lilipoona hivyo likatawanyika, wala Bhishma na Drona hawakuweza kulizuia. Baada ya kuzinduka Duryodhana alimlaumu Bhishma waziwazi, na mzee huyo kwa hasira akawachinja Wapandava hadi Krishna, aliyeapa kutopigana, akaruka kutoka garini kumfuata, na Arjuna akamkimbilia kumshika miguu. Kwa hiyo mdomo wa Garuda ulifanya kazi yake kikamilifu. Mwili ndio uliovunjika. Jioni Wakaurava walirudi kambini wakiwa wamepigwa.

Siku ya 12 Drona aliirudia Garuda kwa lengo alilokwisha kumwahidi Duryodhana: kumkamata Yudhishthira akiwa hai. Safari hii Wakaurava walikuwa na hila zaidi. Wapiganaji walioapa kufa au kushinda, wanaoitwa Samsaptaka, walimwita Arjuna pembeni, na Arjuna hawezi kuukataa wito wa vita. Nusu Mwezi ikaingia vitani bila mmoja wa watu wake wawili wakuu.

Hapa udhaifu wa safu ninayoipenda ulionekana kama ulivyo. Katikati ya Nusu Mwezi ni pembamba. Drona alipenya hadi alipokuwa Yudhishthira na kumuua Satyajit, ambaye Arjuna alimwachia kazi ya kumlinda ndugu yake. Arjuna alikuwa ameagiza kabisa: Satyajit akianguka, msibaki uwanjani. Yudhishthira akafuata agizo, akaondoka kwa farasi wenye kasi. Kukimbia huko wengine hukuona aibu. Mimi naona ndiyo maana hasa ya kupanga jeshi: kila mtu alijua la kufanya mlango ukivunjika. Baadaye Bhagadatta akaja na ndovu wake Supratika, akalikanyaga jeshi la Wapandava, Arjuna akausikia mlio wa ndovu yule, akarudi, akamuua ndovu na Bhagadatta pia. Drona akamaliza siku bila mateka.

Mara mbili Garuda, mara mbili Nusu Mwezi, na mara zote mbili Garuda haikupata ilichokifuata. Siku ya 16, Karna alipopanga Makara, Wapandava waliirudia Nusu Mwezi kwa mara ya tatu. Safari hii Bhima alikuwa kushoto, Dhrishtadyumna kulia, na Arjuna akavutwa katikati pamoja na Yudhishthira. Walikuwa wameliona tundu la siku ya 12, wakaliziba. Safu inayokubali kurekebishwa hivyo bila kupoteza umbo ina thamani kubwa.

Chagua Garuda kama una kiongozi mmoja asiyezuilika na shabaha moja, na uko tayari kushindwa yote shabaha ikikuponyoka. Chagua Nusu Mwezi kama una watu wawili wa kutegemewa na mfalme anayejua lini aondoke. Ukiwa na shujaa mmoja tu, iache: pembe moja peke yake haibani kitu.

Gurudumu na Mkokoteni

Sasa tuje kwenye siku ya 13 na ya 14. Mpangaji ni yuleyule, Drona. Siku zimefuatana. Kazi ni kinyume kabisa: siku ya kwanza kumnasa mtu, siku ya pili kumficha mtu.

Chakravyuha ya siku ya 13 mara nyingi huchorwa kama njia za kupotezea watu, zenye kona na kuta. Taswira hiyo ni ya zamani. Katika hekalu la Hoysaleswara huko Halebidu, la karne ya 12, imechongwa hivyo katika jiwe. Utenzi wenyewe hauna kuta. Una gurudumu la watu, wanawafalme wakiwa wamepangwa humo kwa mavazi mekundu na bendera nyekundu, Lakshmana mwana wa Duryodhana akiwa mbele yao. Upande wa Wapandava waliojua kulivunja walikuwa wanne: Arjuna, Krishna, Pradyumna, na Abhimanyu mwenye umri wa miaka 16. Arjuna na Krishna walikuwa wamevutwa tena na Samsaptaka, naye Pradyumna hakuwepo vitani. Akabaki kijana, na alisema ukweli wake mbele ya wakubwa: baba amenifundisha kuingia, kutoka sijui. Wajomba na baba zake wadogo kwa wakubwa wakamwahidi kuingia nyuma yake.

Hawakuweza. Jayadratha, mfalme wa Sindhu, alisimama mlangoni, na kwa baraka aliyopewa na mungu Shiva aliweza kuwazuia ndugu wote wa Pandava siku moja, isipokuwa Arjuna. Ndani, Abhimanyu alimuua Lakshmana na pia Brihadbala, mfalme wa Kosala. Karna alipomuuliza Drona wafanyeje, Drona akawaonyesha: mkate upinde wake kwanza, mwondoleeni gari. Karna akaukata upinde, Kritavarma akawaua farasi, Kripa akawaua waliolinda gari kwa nyuma. Kijana akashika upanga na ngao. Vilipovunjwa akalinyanyua gurudumu la gari, likakatwa vipande mikononi mwake. Akashika rungu, na kwa rungu hilo wakaangushana yeye na mwana wa Dushasana, ndugu wa Duryodhana. Huyo wa pili ndiye aliyewahi kuinuka na kumpiga kichwani.

Je, Gurudumu lilifanikiwa? Drona alikuwa ameahidi kumwangusha shujaa mmoja mkubwa, na alimwangusha. Lakini hesabu mahitaji yake: adui awe na watu wanne tu wanaolijua, watatu kati yao wasiwepo, na mlango ulindwe kwa baraka ya siku moja. Ondoa moja kati ya hayo na safu inageuka. Ukiandika hadithi na unahitaji mtego wa mtu mmoja, hakuna safu iliyo bora. Ukitaka kushinda vita, sikushauri. Lilimpa Arjuna sababu ya kuapa kwamba atamuua Jayadratha kabla jua halijazama kesho yake, ama ataingia motoni mwenyewe.

Jibu la Drona kwa kiapo hicho ndilo umbo la kujihami lililo gumu kuliko yote katika utenzi. Mbele, Shakata, Mkokoteni uliochanganywa na duara, wenye urefu wa gavyuti 12 (gavyuti ni kipimo cha kale cha umbali) na upana wa gavyuti 5 upande wa nyuma. Ndani ya sehemu ya nyuma, Padma, Yungiyungi. Ndani ya Yungiyungi, Sindano, na Kritavarma kwenye mdomo wake. Mwisho kabisa, nyuma ya yote, Jayadratha. Drona mwenyewe akasimama mlangoni mwa Mkokoteni. Kumbuka kwamba wengi huchanganya Padma na Chakra. Siku hiyo Padma ni tabaka tu ndani ya safu kubwa.

Hapa Sindano imepata kazi yake. Haitumiki kuchoma. Inatumika kulazimisha anayekuja apite njia nyembamba ambamo hawezi kugeuka.

Arjuna akavunja kikosi cha ndovu kilichotangulia, akamfikia Drona, wakapigana kidogo, kisha akamzunguka kwa heshima na kumpita. Drona akamuuliza kama tangu lini anamwacha adui bila kumshinda. Arjuna akajibu kwamba wewe ni mwalimu wangu, si adui yangu. Safu nzima ya gavyuti 12 ilikuwa na ufa huo mmoja: mlangoni alisimama mtu ambaye mshambuliaji hakuwa na haja ya kumshinda.

Hata hivyo ilimla Arjuna siku nzima. Mchana farasi wake walichoka, wamejaa mishale. Katikati ya jeshi la adui alishuka garini, akapasua ardhi kwa mshale hadi maji yakatoka, akajenga banda la mishale, na Krishna akawafungua farasi, akawachomoa mishale, akawakanda na kuwanywesha. Duryodhana akaja na deraya ya dhahabu aliyofungwa na Drona kwa mantra, maneno matakatifu ya ulinzi. Nyuma, Yudhishthira kwa wasiwasi akamtuma shujaa wao Satyaki, kisha Bhima, na wote wawili wakapenya. Jayadratha aliuawa jua likikaribia kuzama. Dakika chache zaidi na Mkokoteni ungeshinda.

Kwa hiyo kati ya safu mbili za Drona, nachagua iliyoshindwa. Gurudumu lilifaulu kwa sababu ya nani hakuwepo. Mkokoteni ulikaribia kufaulu dhidi ya mtu aliye bora kuliko wote akiwepo. Ukiichukua, badilisha kitu kimoja tu: mlangoni weka mtu ambaye adui yako hamheshimu hata kidogo.

Ndege wengine, na Makara

Krauncha, korongo, iliwafaa Wapandava siku ya pili, mfalme Drupada, baba wa Dhrishtadyumna, akiwa kichwa. Shingo ndefu, mabawa mapana, mchanganyiko mzuri kwa jeshi lenye watu wa kati wengi na mashujaa wachache. Shyena, mwewe, ya siku ya tano ni Garuda ndogo na nyepesi, Bhima akiwa mdomo na Arjuna shingoni. Makara, yule mnyama wa majini aliye kama mamba, ilitumiwa na pande zote mbili, Wakaurava siku ya tano, Wapandava siku ya sita. Ni safu ya kusukuma mbele kwa uzito. Manu anaitaja miongoni mwa safu za kusafiria, na mimi ningeitumia huko, jeshi likiwa njiani na hatari ikiwa mbele.

Jambo moja ambalo utenzi hauligusii sana ni akiba. Kautilya, katika Arthashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha utawala na vita, anamtaka mfalme asimame na kikosi cha akiba umbali wa pinde 200 nyuma ya safu, na anasema asipigane asiye nacho. Yeye huzigawa safu zote katika makundi manne, ya fimbo, ya nyoka, ya duara, na ya vikosi vilivyoachana, na Radi pamoja na Nusu Mwezi anaziweka katika kundi hili la mwisho. Nadhani hapo kuna siri ya kwa nini zilidumu: vikosi vyake havikuungana kiasi kwamba kimoja kikivunjika kinavuta vingine.

Ikiwa watu wako wamekwisha kuchoka na hujui adui atatokea upande gani, iko Sarvatobhadra, iliyo salama pande zote. Shalya aliipanga asubuhi ya siku ya 18, akiwa bado na magari 11,000 kwa 6,000 ya Wapandava, na makamanda wake wakakubaliana kwamba hakuna atakayepigana na Wapandava peke yake. Wapandava wakaja katika mafungu matatu. Yudhishthira akamuua Shalya kwa mkuki, na safu iliyolindwa pande zote ikabaki bila amiri wake.